Leso Mbichi

Siku chache baada ya sindano ya pili, Mghoi alinusa kiganja chake akakuta hakina harufu. Akanusa kwapa. Wapi! Mwanamke aliyepikia shule nzima maharage maisha yake yote, aliyezoea kurudi nyumbani akinuka moshi na kitunguu, sasa alikuwa hanuki chochote. Alicheka peke yake ukingoni mwa kitanda, na kicheko kikaisha upesi kwa kuwa hapakuwa na wa kucheka naye.

Chumba kilikuwa cheupe: kitanda, meza, choo, simu ya ukutani yenye skrini, na dirisha la kioo kizito lililotazama ukumbi wa Kituo cha Wasafiri cha Voi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Chakula kilipitia kwenye kabati la mwanga lililojengwa ukutani, na kilipomfikia kilikuwa kimeunguzwa vijidudu vyote pamoja na ladha yake. Upande wa pili wa kioo watu walipita, wakampungia mkono, wakaenda zao kula vitu vyenye pilipili.

Asiseme hakuambiwa. Daktari Dzame, mwanamke mfupi wa Kaloleni mwenye sauti ya kubembeleza watoto, alimketisha ofisini kabla hajachomwa hata sindano moja, akamweleza kinagaubaga.

"Mama Mshai, hii si ile chanjo ya zamani, ya kuchomwa mkono ukaenda zako. Sindano ya kwanza inausahaulisha mwili kila ugonjwa uliowahi kuujua. Ya pili inaondoa vijidudu vyote unavyoishi navyo, vya ngozi, vya mdomo, vya tumbo. Hapo unabaki mtupu. Ya tatu inakupandikiza vya kule unakokwenda, ili mji wao ukupokee. Ukishachomwa hiyo, hewa ya hapa kwetu ni sumu kwako."

"Na kurudi je?"

"Mwili hauvumilii kufanyiwa hivi mara mbili. Anayekwenda amekwenda."

Mghoi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Nani asiyejua? Mitaani waliita kufuliwa, na aliyekwenda aliitwa mfuliwa. Zipo familia zilizomwekea mfuliwa matanga kabisa, watu wakalala nje, wakapika kwa sufuria kubwa, wakalia, na maiti mwenyewe yupo hapo anagawa chai.

"Usibebe unga," daktari aliendelea. "Usibebe mbegu, wala udongo wa kaburi, watu wengi hujaribu. Utaruhusiwa kitu kimoja tu cha nyumbani, kitakachopita kwenye mwanga."

"Hata pilipili?"

"Hata pilipili, mama yangu."

"Basi huko ni kweli nakwenda kufa," alisema Mghoi, na wote wawili wakacheka.

Alikuwa anakwenda kwa Mshai, mwanawe wa pekee. Mshai alifuliwa akiwa msichana mbichi, akaenda kufanya kazi Hallvik, mji wa barafu huko kaskazini, akaolewa na baharia aliyemwachia mimba kisha akazama na meli yake. Sasa mimba ilikuwa kubwa na ya shida. Madaktari wa huko walimlaza kitandani, wakamkataza hata kupanda ngazi. Jirani ni wa salamu tu. Simu aliyompigia mama yake haikuwa ndefu: "Mama, njoo. Sina mtu wa kunishika mgongo."

Mzazi gani husikia neno hilo akabaki kukaa? Mghoi aligawa kuku, akafunga nyumba, akateremka Voi.

*

Lakini kulikuwa na jambo moja lililombana kifuani tangu aondoke milimani, nalo ni kaka yake, Righa.

Kule Taita kwao, mkubwa wako akiwa na kinyongo nawe, huna safari. Hakuna atakayekufunga kamba, unaweza kupanda chombo chochote utakacho, lakini safari haitakukubali. Mpaka atase. Mzee mwenye uchungu anachukua funda la maji ya miwa, analirusha kwa mdomo, puu, kifuani pako, na huku anautamkia uchungu wake utoke uende zake. Kutasa ni hivyo, na hakuna wa kukufanyia kwa niaba yake. Kinyongo ni chake, mdomo uwe wake.

Na Righa kinyongo alikuwa nacho cha kutosha kijiji kizima. Mama yao, Malemba, alipokuwa anakata roho, Mghoi alimbeba akamteremsha hospitali ya bondeni. Righa alisimama mlangoni akisema aachwe afie kitandani pake, Mghoi akampita. Mama akafa njiani, kwenye kona, ndani ya gari la wagonjwa lisilo na nafasi ya Mghoi, mikononi mwa dereva na mwuguzi wasiomjua hata jina. Tangu mazishi Righa hakumsemesha dada yake tena. Wakikutana sokoni Wundanyi alitazama viazi.

Kabla ya sindano ya kwanza Mghoi alimtumia ujumbe kwa mtoto wa jirani. Aliomba mambo mawili: leso ya mama yao, ile ya kujifunga kiunoni, iliyobaki nyumbani kwa Righa, iwe ndicho kitu chake kimoja cha nyumbani; na kama moyo wake unaruhusu, ateremke amtasie. Jibu halikuja. Sindano ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na sasa hata angekuja angemtasia nani, na kioo hiki katikati?

Akapiga moyo konde. Nitakwenda nacho hicho kinyongo, alijiambia. Nitakibeba kama mizigo mingine.

*

Kifurushi kiliingia mchana, siku moja kabla ya sindano ya tatu. Mwuguzi Mbeyu alikinyanyua juu nje ya kioo ili Mghoi akione: karatasi ya kaki, kamba ya katani, mwandiko wa Righa uliokaa kama miiba. Mghoi alisimama ghafla hata goti likagonga meza.

Kwa utaratibu wa kituo, nguo hutandazwa juu ya nyaya ndani ya kabati, mwanga wa zambarau uifikie kila uzi. Hutoka ya moto, kavu, inakatika ukiikunja vibaya. Lakini siku ile wasafiri walikuwa wengi na Mbeyu alikuwa peke yake zamuni. Alikiweka kifurushi kama kilivyo, akabonyeza, akageukia mwingine aliyekuwa akimwita. Mwanga ukavuma. Taa ya kijani ikawaka. Mlango wa upande wa ndani ukafunguka.

Mghoi alikata kamba kwa meno. Chini ya kaki kulikuwa na karatasi ya foili, ile ya kufungia viazi vya kuoka, imekunjwa mara nyingi, imebanwa kingo zote. Akaifungua. Harufu ikampiga usoni.

Jamani, harufu! Miwa, ugoro, moshi wa kuni, na jasho la mtu aliyelala kitanda jirani na chake utoto mzima. Hakufikiri. Nani angefikiri? Aliizika pua ndani ya leso ya mama yake, akaipaka mashavuni, midomoni, kifuani, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Alilia mpaka vidole vyake vikaanza kumwambia kitu.

Leso ilikuwa mbichi.

Aliishusha. Akaitazama ile foili, akaitazama taa ya kijani, akaitazama leso na madoa yake ya maji yanayonata. Simu ya ukutani ikaita.

"Mghoi."

Sauti ile ilikuwa imezeeka. "Kaka," alijibu, akakaa sakafuni.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Imefika mbichi?"

"Mbichi, kaka."

"Ha! Nilijua!" Righa alicheka, kicheko kile cha zamani cha kukohoa katikati. "Unasikia, dada. Nimetasa. Nimekamua muwa mwenyewe, nikasimama pale mlangoni kwa mama, mahali palepale uliponipita, nikayatoa yote. Yote, Mghoi. Nikaifunga kabla haijakauka. Maana nilisikia mna mwanga huko unaounguza kila kitu, nikasema, loo, mwanga wa watu hautaniunguzia maneno yangu. Huo mwanga haupenyi foili, nimemuuliza fundi wa redio. Umejipaka?"

"Nimejipaka, kaka."

"Kifuani?"

"Kifuani. Na usoni."

"Basi nenda salama. Msalimie mtoto. Kesho ninateremka nikuone hata kwa kioo." Akakohoa. "Nilikukosea, dada. Mama alikuwa anaumwa, na wewe ulikuwa unakimbia kumwokoa. Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Mghoi aliurudisha mkono wa simu mahali pake. Alikuwa na furaha, ndiyo, na wala asidanganye mtu. Miaka yote hiyo amelisubiri neno hilo. Furaha na hofu zilimjaa pamoja hata akashindwa kuinuka, akakaa pale chini na leso mapajani.

*

Mchana ule alilirudia mara kwa mara onyo jingine alilopewa na Daktari Dzame ofisini. Sindano ya tatu haichagui. Kijidudu chochote inachokikuta mwilini inakipa makao, kikae na wageni wake wapya, na vipimo havitakiona upesi. Ndiyo maana ya chumba cheupe. Ndiyo maana ya mwanga. Kwa watu wa Hallvik, mafua ya mtu mzima wa Wundanyi hayana mwili unaoyajua. Kwa mfuliwa mwenye mimba ya shida, kitandani, peke yake, mafua hayohayo ni moto katika nyumba ya nyasi.

Lakini pia Righa hakuwa anaumwa. Mate ya mzee mmoja mzima, na maji ya miwa. Huenda si kitu kabisa! Na taa iliwaka kijani. Kama angenyamaza, nani angejua? Angeikunja leso, angeirudisha ndani ya foili, angechomwa sindano asubuhi, na wiki ijayo angekuwa anamshika mwanawe mgongo. Asiponyamaza, hamwoni Mshai tena katika maisha haya. Mshai harudi, yeye haendi.

Jioni Mshai akapiga. Alikuwa amelala ubavu, uso umevimba, amefurahi.

"Mama, tazama," akageuza simu. Sakafuni, ubavuni mwa kitanda chake, palikuwa na godoro jipya bado lina plastiki yake. "Lako. Jirani amelileta. Nimempa mkate wa ndizi, ule ulionifundisha, lakini ndizi za huku hazina akili."

"Daktari amekwambia uinuke kuoka mkate?"

"Usiniseme mama. Utanisema ukifika." Alicheka, kisha akashika tumbo, akavuta pumzi polepole. "Mtoto ana mateke. Nimemwambia bibi yake yuko njiani."

Mghoi alimtazama mwanawe hadi picha ilipozimika. Akaenda kunawa uso kwa sabuni, akasugua hadi ngozi ikawasha, ingawa alijua ni kazi bure.

*

Asubuhi Daktari Dzame alikuja kwenye kioo amevaa vazi lake jeupe la kuingilia, sindano ndani ya boksi la barafu. Kabla ya kufungua mlango, kanuni ilimtaka aulize swali moja, na aliliuliza kila siku kwa wasafiri hata likamtoka bila kulisikia.

"Mama Mshai, tangu sindano ya pili umegusana na chochote cha mtu wa nyumbani?"

Mghoi alikuwa ameshaandaa "hapana". Ilikuwa ulimini, imeiva. Kisha akaliona akilini lile godoro na plastiki yake.

"Ndiyo," alisema.

Daktari aliinua kichwa. Mghoi akaeleza, bila haraka, tangu foili hadi kifuani. Alipomaliza, Daktari Dzame aliweka boksi la barafu chini, akakaa kwenye kiti cha ukumbini. Akasogea karibu na kile kitundu cha kusemea.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kabati limesema ni safi. Karatasi zote zimesema ni safi. Pengine ni safi kweli. Kaka yako ni mzima?"

"Mzima kama jiwe."

"Ungekuwa umejibu hapana, saa hizi ungekuwa umeshachomwa." Alimtazama machoni. "Naweza kuuliza mara ya pili."

Basi! Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni daktari mwenyewe. Mghoi aliushika ukingo wa meza.

"Niambie kweli, binti yangu. Ungekuwa na dada yako kule, mwenye mimba vile, ungenipeleka?"

 Daktari Dzame alitazama chini, akachezea mfuniko wa boksi. Kisha akatikisa kichwa, hapana.

"Basi usiulize mara ya pili," alisema Mghoi.

Alipiga magoti akaikusanya leso, akaikumbatia. Sasa hapakuwa na sababu ya kuiogopa. Daktari alimweleza yaliyobaki: sindano haitachomwa, wala hairudiwi. Mwili wake mtupu utarudishiwa vya nyumbani kidogo kidogo, kijiko cha maziwa lala, yaliyoganda, leo, hewa ya dirisha kesho, na hadi mwisho wa masika hakuna atakayemgusa. Kosa la kabati atalirekebisha yeye mwenyewe, na Mbeyu ataambiwa, hatafukuzwa.

"Naomba jambo moja," alisema Mghoi. "Wa kwangu wakiuliza, waambie damu yangu imekataa dawa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kaka yangu ameutoa moyo wake mlangoni kwa mama. Akijua ndio ulionizuia, atakufa nao. Na mwanangu akijua, atamkasirikia mjomba wake, na mimba ile tumboni. Hatufanyi hivyo kwetu. Hasira ya nyumbani humwangukia mtoto."

Daktari alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Damu imekataa," alikubali.

*

Righa aliteremka mchana na muwa mrefu begani, utadhani anakwenda kupanda. Alipoambiwa, alishika tama. Kisha uso wake ukafunguka taratibu.

"Unaona?" alisema kwenye kitundu. "Afadhali nilitasa mapema! Ungekwenda na kinyongo changu, damu ingekukatalia huko ugenini ukafia mikononi mwa watu usiowajua. Kama mama. Mungu ni mkubwa, Mghoi."

"Mkubwa, kaka."

"Nisingetasa ingekuwaje?"

Mghoi alimtazama mzee huyo anayemenya muwa kwa kisu na kutabasamu kwa meno yaliyobaki. "Hata sijui," alisema. "Umenisaidia sana."

Righa akatafuna upande wa pili wa kioo, akamsimulia habari za ng'ombe na nani amekufa. Alipoondoka jua lilikuwa bado kali. Mghoi akapiga simu ya Hallvik.

Mshai alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Damu imekataa," alirudia. "Sindano mbili ilikubali, ya tatu ikakataa."

"Ndivyo daktari alivyosema."

"Mama, mimi nilifuliwa. Nawajua wanaoghairi siku ya mwisho. Wote damu zao hukataa." Akalitazama lile godoro. "Sema tu umeogopa. Uliangalia nyumba yako, kuku wako, ukaogopa. Sema."

Neno moja tu lingetosha kumsafisha. Leso ilikuwa pale mapajani, imekauka sasa, imekakamaa kwa sukari. Mghoi aliikunja, akaikunja tena.

"Nimeogopa, mwanangu," alisema. Na haukuwa uongo wote.

 Kwenye skrini Mshai aliiweka simu mezani, dari tu ikawa inaonekana. Yakasikika maji ya bomba. Mghoi alisubiri simu ikatwe, ajue ndiyo basi, mtoto wa pekee naye amemtoka. Haikukatwa. Mshai alirudi, ameketi kwa shida, ameshika bilauri.

"Sijui kama mtoto anaruhusiwa kumtasia mzazi," alisema. "Miwa huku hakuna, maji yenyewe hayana hata utamu. Lakini sitaki kuzaa nikiwa na wewe kifuani."

Akachukua funda. Akafunga macho. Maji yakaipiga simu, puu, na uso wake ukapotea nyuma ya matone, ikabaki sauti.

"Uchungu wangu kwa mama yangu, toka. Alisema anakuja, hakuja. Nimeuachia. Toka, uende zako, usituone." Akavuta pumzi. "Umeyapata, mama?"

Mghoi alijifuta mashavu kwa kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu, hakina harufu.

"Nimeyapata, mwanangu," alisema. "Yote."